Kuchagua wakati sahihi wa kitenzi kwenye mtihani wa Kiingereza: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Tuanze na swali la aina ambayo mtahiniwa wa kidato cha nne hukutana nayo mara kwa mara:

Asha ______ in Tanga since 2016.
A. lives   B. is living   C. has lived   D. lived

Jibu ni C. Lakini hebu zitazame A na B. Kwa Kiswahili tunasema "Asha anaishi Tanga tangu 2016", na hicho ni Kiswahili safi, hakuna wa kukikosoa. Mtunga mtihani analijua hilo. A na B hazikuwekwa pale kujaza nafasi. Zimewekwa kwa sababu anajua kwamba kichwani mwako sentensi imeshajipanga kwa Kiswahili kabla hujashika kalamu. Katika maswali ya namna hii, jibu la makosa mara nyingi ni tafsiri nzuri tu ya Kiswahili kizuri.

Ndiyo maana ule ushauri wa "chagua linalosikika vizuri" haumfai mtu aliyelelewa kwa Kiswahili. Unamfaa aliyezaliwa Leeds. Anayeufuata huku kwetu anakuwa anaulizia Kiingereza kwa sikio la Kiswahili. Kinachosaidia ni kuwa na utaratibu: unatafuta ushahidi ndani ya sentensi, unaondoa yasiyowezekana, linalobaki ndilo jibu. Majina ya nyakati kama "present perfect" na "past simple" nitayaacha yalivyo, maana ndivyo yanavyoandikwa kwenye maagizo ya mtihani na ndivyo walimu wanavyoyataja darasani.

Hatua ya kwanza: funika majibu, soma mpaka nukta

Weka rula juu ya A, B, C na D. Soma sentensi yote, kuanzia herufi kubwa hadi nukta, ukiruka pengo. Wengi hawakosi swali kwa kutojua sarufi. Wanakosa kwa sababu wanasimama kwenye pengo na kuanza kujaza hapo hapo.

He ______ for the railway for twenty years before he retired.

Aliyesimama katikati ameona "for twenty years", akakumbuka alichokariri, akaandika "has worked". Aliyefika mwisho ameona "before he retired" na kujua kwamba miaka hiyo ishirini ilishakwisha, mzee amestaafu zamani. Anaandika "had worked". Tofauti ya waliopata na waliokosa hapa ni maneno matatu ambayo mmoja wao hakuyasoma.

Hatua ya pili: tafuta neno la wakati, ulipigie mstari

Karibu kila swali zuri huwa na neno au fungu la maneno linalofunga mlango kwa baadhi ya majibu. Lipigie mstari kwa penseli.

Yapo maneno ya wakati uliofungwa: yesterday, last week, in 2019, three days ago, when I was young. Ukiona mojawapo, "have" na "has" hazina nafasi. "I have seen him yesterday" ni kosa, hata kama mtaani "nimemwona jana" inasikika kila siku na hakuna anayeshtuka.

Yapo maneno ya wakati ulioanza nyuma na ambao bado haujafungwa: since, so far, up to now, already, yet, ever, never, lately. Hayo yanaita "present perfect". Hapa Kiswahili kinasaidia, na tukitumie. Ukitafsiri sentensi ukapata -mesha-, kama "ameshaondoka", basi "has already left". Ukipata -ja- ya ukanushi, kama "hajafika", basi "has not arrived yet". Kiambishi hiki cha -ja- ni rafiki mwaminifu, isipokuwa kikiwa nyuma ya "kabla". Tunasema "kabla hajafika", na mwanafunzi anaandika "before he has not arrived". Kiingereza hakikanushi baada ya "before": "before he arrived" kwa yaliyopita, "before he arrives" kwa yajayo.

"For" ni kigeugeu, usimwamini peke yake. "She has taught here for ten years" maana yake bado anafundisha. "She taught here for ten years" maana yake ameshaondoka. "For" inakupa urefu wa muda tu. Haikwambii kama muda huo umekwisha. Tafuta neno jingine ndani ya sentensi litakalokuambia.

Kwa mazoea na kwa mambo yanayoendelea sasa hivi, tatizo letu ni -na-. "Baba anafanya kazi bandarini" inaweza kuwa kazi yake ya kila siku, au jambo analolifanya saa hii unapozungumza. Kiswahili hakijali; Kiingereza kinataka uamue. Kuna kipimo ambacho sijaona kikishindwa mara nyingi: jaribu kuweka hu- mahali pa -na-. "Baba hufanya kazi bandarini" inakubali bila kubadili maana, kwa hiyo "Father works at the port". Sasa jaribu "Sikiliza! Mtoto analia." Ukisema "Sikiliza! Mtoto hulia", maana imeharibika. Kwa hiyo "Listen! The baby is crying". Hu- ikikubali, tumia "present simple". Ikigoma, tumia umbo la -ing. Na "Look!" au "Listen!" yenye alama ya mshangao mwanzoni mwa sentensi ni zawadi kutoka kwa mtunga mtihani, ipokee.

Kwa wakati ujao, "tomorrow" na "next week" hazina shida. Angalia mawili tu. "This time tomorrow" inataka kitendo kitakachokuwa katikati ya kufanyika: "This time tomorrow we will be crossing to Zanzibar". "By" ikifuatwa na wakati ujao, kama "by next June" au "by 2030", inataka kitendo kitakachokuwa kimekwisha: "By 2030 they will have finished the road". Kwa Kiswahili ni "watakuwa wamemaliza", vitenzi viwili, na ukihesabu hivyo viwili huwezi kupotea.

Hatua ya tatu: kama hakuna neno la wakati, kiulize kitenzi jirani

Sentensi yenye vitenzi viwili mara nyingi hujibu swali lake yenyewe. Kitenzi kimoja umepewa tayari, kimekamilika. Kingine ndicho pengo. Kile ulichopewa ndicho shahidi.

By the time the ferry ______ Kigamboni, it was already dark.

"Was" imekwambia tuko wakati uliopita. "Reaches" na "will reach" zimetoka. "Has reached" nayo imetoka kwa sababu "has" imesimama leo, si jana. Imebaki "reached".

Ukikuta matukio mawili yaliyopita, jiulize lipi lilitangulia. Lililotangulia, kama lilikwisha kabla ya jingine kuanza, huchukua "had" na umbo la tatu la kitenzi: "When we got to the stand, the bus had left". Kiswahili kinasema "basi lilikuwa limeondoka", tena vitenzi viwili. Kama lilikuwa likiendelea jingine likaingia katikati, ni "was" au "were" na -ing: "Mother was cooking when the lights went off". Mama alikuwa akipika, umeme ukakatika. Hapo -ki- baada ya "alikuwa" inakuelekeza moja kwa moja kwenye -ing.

Hapa pana mtego ninaouona kwenye karatasi nyingi kuliko yote, nao ni -po-.

I will call you when I ______ in Dodoma.
A. will arrive   B. arrive   C. arrived   D. am arriving

Kwa Kiswahili: "Nitakupigia nitakapofika Dodoma." Kuna -ta- mbili. Mwanafunzi anaona -ta- ya pili na kuchagua "will arrive". Kiingereza hakitaki "will" baada ya when, before, after, until, as soon as, if na unless pale zinapoeleza wakati au sharti la jambo lijalo. Kinasema "when I arrive". "Will" ni moja tu, na inakaa upande wa pili.

Lakini usikariri kwamba "will" haikai kamwe baada ya "when", maana watunga mitihani wanawajua pia waliokariri hivyo. Linganisha:

I will tell you when he comes.
I don't know when he will come.

Zote sahihi, na Kiswahili ndicho kinachotenganisha vizuri. Ya kwanza ni "nitakuambia atakapokuja". Ya pili ni "sijui atakuja lini". Ukitafsiri "when" ukapata -po-, weka "present simple". Ukipata "lini", "will" inaruhusiwa. "If" nayo ni hivyo hivyo: "akija tutaanza" ni "if he comes, we will start", lakini "sijui kama atakuja" ni "I don't know if he will come". Hapa aliyezaliwa na Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko wengine, kwa sababu lugha yake imegawa kwa maneno mawili kile ambacho Kiingereza kimekiita kwa neno moja.

Hatua ya nne: ichunguze -me- kabla ya kuandika "has"

Walimu wengi hufundisha kwamba -me- ni "have" au "has". Ni kweli kwa "amefika", "amenunua", "amemaliza". Si kweli kwa kundi zima la vitenzi ambavyo -me- yake inaeleza hali, si tendo lililokamilika.

Look! The baby ______ on the mat.
A. has slept   B. is sleeping   C. slept   D. sleeps

"Tazama! Mtoto amelala kwenye mkeka." Anayefuata -me- ataandika A. Jibu ni B. Mtoto bado yuko usingizini, unamwona. Vivyo hivyo "amesimama" ni "is standing", "ameketi" ni "is sitting", "amevaa" ni "is wearing", "amebeba" ni "is carrying", "ameshika" ni "is holding". Nyingine hazina hata -ing: "amechoka" ni "is tired", "amekasirika" ni "is angry", "ameolewa" ni "is married". Ukiona -me- kwenye tafsiri yako, jiulize: ningekuwa na kamera sasa hivi, ningeipiga picha hali hiyo? Kama ndiyo, usikimbilie "has". Ukimpiga picha mtu aliyevaa koti, koti litaonekana. Ukimpiga picha mtu aliyenunua koti, kununua hakuonekani, kulikwisha dukani.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo kuna vitenzi vya Kiingereza visivyopenda -ing hata kama Kiswahili kinatumia -na-: know, believe, understand, want, need, like, belong, own, contain, seem. "Ninajua" si "I am knowing". "Gari hili linamilikiwa na shirika" si "is belonging". Vinaeleza hali ya akili au ya umiliki. Mtihani ukikupa "is wanting" kati ya majibu, lifute bila kufikiri mara mbili. Vitenzi viwili vinahitaji uangalifu zaidi: "have" ya kumiliki haichukui -ing, lakini "have" ya kula inachukua, "they are having lunch"; na "think" ya kuwa na maoni haichukui, lakini ya kutafakari jambo inachukua, "I am thinking about it".

Hatua ya tano: sentensi za "if"

Hapa Kiswahili kinatupoteza kwa sababu kinaweka kiambishi kile kile pande zote mbili. "Ningejua, ningekuja." -nge- huku, -nge- kule. Mwanafunzi anaandika "If I would know, I would come". Kiingereza kinaruhusu "would" upande mmoja tu, ule usio na "if".

Kuna na shida ya pili. Vitabu vinafundisha -nge- kwa jambo la sasa na -ngali- kwa lililopita, lakini katika mazungumzo ya leo wengi wetu tunatumia -nge- kwa yote mawili. "Ungeniambia, ningekuja" inaweza kuwa ya leo au ya mwaka jana. Kwa hiyo usiutegemee Kiswahili chako hapa hata kidogo. Tazama upande uliopewa, uoanishe:

Upande mmoja ukiwa na "will", upande wa "if" unakaa wakati uliopo: "If it rains, we will stay".
Ukiwa na "would" pamoja na kitenzi cha kawaida, upande wa "if" unarudi hatua moja nyuma: "If I had money, I would help you".
Ukiwa na "would have", upande wa "if" unarudi hatua mbili: "If the driver had slept well, the bus would not have overturned".

Na "were" hutumika kwa kila mtu katika ile ya pili: "If I were you". Mitihani inaipenda mno.

Hatua ya sita: kagua umbo kabla ya kuandika herufi

Mpaka hapa umechagua wakati. Sasa hakikisha umbo lenyewe ni halali. Baada ya "did" na "did not", kitenzi kinabaki cha kawaida, "did not go", kamwe si "did not went". Wakati unabebwa mara moja tu, na "did" imeshaubeba. Baada ya have, has na had, umbo la tatu: "has gone", si "has went". Baada ya will, can, must na should, umbo la kawaida. Kisha tazama kiima: "each of the boys" ni umoja, kwa hiyo "each of the boys has".

Maswali mengine yanajibika kwa hatua hii peke yake. Ukiwa na haraka, au sentensi ina neno usilolijua, anza na umbo: unaweza kuondoa majibu mawili kati ya manne bila kuelewa maana ya sentensi.

Maswali ya kuandika upya

Si kila mtihani una A, B, C na D. Karatasi nyingi zinataka uandike upya sentensi kwa kufuata maagizo, na wakati wa kitenzi ndio unaochujwa.

Kauli taarifa ndiyo inayoongoza. Kwa Kiswahili, "Alisema anaumwa" ni sahihi: -li- halafu -na-. Kiingereza kinasogeza cha pili nyuma: "He said that he was ill". Kitenzi cha kuripoti kikiwa kimepita, "is" inakuwa "was", "has" inakuwa "had", "will" inakuwa "would", "went" inakuwa "had gone". Maneno ya wakati nayo yanahama: tomorrow inakuwa the following day, yesterday inakuwa the previous day, ago inakuwa before. Wanafunzi hubadili kitenzi vizuri kabisa halafu wakaacha "tomorrow" imekaa palepale, alama ikaondoka. Kuna jambo moja lisilosogea, nalo ni ukweli wa kudumu: "The teacher said that the earth revolves round the sun". Dunia haikuacha kuzunguka mwalimu alipofunga mdomo.

Kauli ya kutendwa haibadili wakati. Inaongeza "be" tu, na hiyo "be" ndiyo inayovaa wakati wa kitenzi cha mwanzo. "They are harvesting the cloves" inakuwa "The cloves are being harvested". "They have harvested" inakuwa "have been harvested". Hesabu vitenzi: jibu lazima liwe na kimoja zaidi ya sentensi ya mwanzo. Ukihesabu vikalingana, kuna kitu umesahau, na mara nyingi ni "being" au "been".

Halafu kuna miundo ya kukariri, na sioni aibu kusema ikariri, kwa sababu hakuna mantiki itakayokufikisha huko ukiwa chumba cha mtihani:

"No sooner" hufuatwa na "had" iliyoruka mbele ya kiima, na mwisho wake ni "than": "No sooner had the bell rung than the pupils ran out". "Hardly" na "scarcely" ni hivyo hivyo, ila mwisho wake ni "when". Kuchanganya "than" na "when" hapa ndiko kunakowaangusha hata walioweka "had" vizuri.

"It is high time" huchukua wakati uliopita ingawa inazungumzia sasa: "It is high time we left". "I wish" na "I would rather you" nazo ni hivyo: "I wish I knew", "I would rather you came tomorrow".

"This is the first time" huchukua "have" au "has": "This is the first time I have eaten octopus".

Moja kati ya miundo hii haihitaji kukaririwa na msemaji wa Kiswahili. Baada ya insist, suggest, recommend na demand, Kiingereza rasmi hutumia kitenzi kitupu bila -s: "The headmistress insisted that every student wear a uniform". Sema kwa Kiswahili: "alisisitiza kila mwanafunzi avae sare". Ukiona -e mwishoni mwa kitenzi chako, ondoa -s.

Ukipewa habari nzima yenye mapengo

Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ina habari fupi yenye mapengo kumi, na hupewi majibu ya kuchagua. Si mapengo yote yanayotaka kitenzi, lakini yanapotaka, kosa la kawaida ni kulishughulikia kila pengo kama sentensi ya peke yake. Soma habari yote kwanza, ujue imekaa wakati gani. Kama mwandishi anasimulia lililopita, basi kila kitenzi kimepita mpaka kitokee kitu cha kukihamisha: maneno ndani ya alama za kunukuu, ukweli wa kudumu, au tukio lililotangulia hadithi. Ukibadili wakati, uwe na neno la kunyooshea kidole.

Jipime

Andika majibu yako pembeni kabla ya kuteremka chini. Kitenzi cha kutumia kimewekwa mwishoni mwa kila sentensi.

1. We ______ in Morogoro for six years, then my father was transferred to Mtwara. — live
2. I will lend you the bicycle as soon as my brother ______ it. — return
3. Nobody knows when the results ______ out. — come
4. Water ______ at a lower temperature on top of Kilimanjaro than in Dar es Salaam. — boil
5. The passengers were angry because the driver ______ them at the wrong stop. — leave
6. If my uncle ______ the contract carefully, he would not have signed it. — read
7. That man in the photograph who ______ a white cap is my grandfather. — wear
8. It is three years since the old market ______ down. — burn

Majibu. La kwanza ni "lived": "for" imejaribu kukuvuta kwenye "have lived", lakini "then" na "was transferred" zimeufunga muda huo. La pili ni "returns", na "has returned" nayo inakubalika. "Will return" haikubaliki, kwa sababu "atakapoirudisha" ina -po-. La tatu ni "will come", maana ni "yatatoka lini". La nne ni "boils": weka hu-, "maji huchemka", inakubali, ni ukweli wa maumbile. La tano ni "had left", kwa kuwa dereva aliwashusha kituo kisicho chao kwanza, hasira zikafuata. La sita ni "had read", ambayo kwa maandishi inafanana na umbo la kawaida, basi usiache "had" ukidhani "read" inatosha. La saba ni "is wearing": amevaa kofia, na kofia inaonekana pichani.

La nane ndilo lenye mtego. Umeona "since" ukaandika "has burned", au pengine uliishuku na ukaiandika hata hivyo. "Since" inadai "present perfect" kwenye kitenzi kikuu cha sentensi, kama kwa Asha wa Tanga. Kitenzi kinachoifuata yenyewe kinataja siku jambo lilipotokea, na siku hiyo imefungwa. Jibu ni "burned", au "burnt" kwa wanaopenda tahajia ya Uingereza. Msahihishaji anazikubali zote mbili.